Bi Taa, Miaka Thelathini na Minne, na Sentensi Isiyokuwemo

Kabla sijaandika miaka na tarehe, kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, si mama, si babu, wala rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja. Miaka miwili iliyopita, katika ukumbi wa maktaba yetu, mbele ya watu kumi na wanne waliokaa gizani wakiniamini, nilitunga sentensi kichwani mwangu nikawaambia imesemwa kwenye filamu. Sasa sentensi hiyo inataka kuchongwa kwenye kibao cha mbao, akabidhiwe Bi Taa siku ya kumuaga. Katibu wa maktaba anaisubiri kesho saa sita mchana, neno kwa neno, pamoja na jina la filamu ilikotoka.

Haikutoka kwenye filamu. Ndiyo hiyo siri. Imeshaandikwa, kwa hiyo wacha nirudi kwenye kazi niliyopewa.

Bi Taa anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane Juni, baada ya kuutumikia ukumbi wa filamu wa maktaba kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Hesabu ya siku tisa ni yake mwenyewe. Ofisi ilikuwa imeandika saba. Akaenda kwa Katibu na shajara yake ya kazi mkononi, na akarudishiwa siku zake mbili bila mjadala. Kwenye faili ameandikwa Mtumishi Mwandamizi wa Vifaa vya Sauti na Picha. Nimewauliza wafanyakazi sita kama wanamjua mtu mwenye cheo hicho. Watano walisema hapana, na wa sita akauliza kama ndiye mgeni atakayekuja kuchukua nafasi ya Bi Taa.

Kwa kawaida wasifu kama huu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari tu. Lakini Katibu alipouliza kwenye kikao nani ataandika, inasemekana kila mtu alitazama viatu vyake, mpaka mhudumu wa chumba cha magazeti akasema aandike Sauti, maana ndiye anayeshinda naye kule juu. Sauti ni mimi. Shuleni wakilisikia jina hilo watacheka, kwa sababu huko mwalimu wa darasa huniita mara mbili na bado huinua shingo kuhakikisha kama nimeitika. Katibu alitaka ukurasa mmoja wa Kiswahili, mchangamfu, wenye mafanikio na visa viwili vya kuchekesha, kisha niugeuze katika lugha ile nyingine tunayosomea shuleni, kwa ajili ya wageni. Nimemwahidi kwamba nitageuza kilichoandikwa, na hicho tu. Hakujua kwa nini nilisema vile.

Bi Taa aliajiriwa kufagia. Wakati huo mashine ya kuonyeshea filamu ilikuwa chini ya fundi mmoja mkali ambaye hakutaka mtu apande ngazi zake, achilia mbali aguse mkanda. Mfagizi, hata hivyo, hazuiwi. Wanaokumbuka wanasema hakuna chumba duniani kilichowahi kufagiwa taratibu kama chumba kile. Siku moja ukumbi umejaa wanafunzi wa shule tatu, fundi akapandwa na homa, akalala chali kwenye benchi la bustani. Dakika kumi baadaye taa zikazima na picha ikatokea ukutani, safi, imesimama pasipo kucheza. Saa mbili baadaye filamu ilipokwisha, watu walimwona mwanamke akishuka ngazi, ufagio mkononi, akaanza kufagia karatasi za pipi chini ya viti kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwezi uliofuata alipewa ufunguo wa juu. Ufagio hakuurudisha, uko hapa, nyuma ya mlango, umebaki fimbo tu.

Jina lake lilitokana na neno lake moja. Kabla ya kila filamu huchungulia kwenye kidirisha cha chumba cha mashine na kusema, "Taa." Halafu husubiri kiasi cha pumzi moja, aliyesimama akae, anayekohoa amalize, ndipo anazima. Kuna watu wamekuja hapa miaka ishirini na hawajawahi kusikia neno jingine kutoka kwake.

Mafanikio yake ni mengi na nimeyanakili kutoka kwenye shajara. Ameunganisha mikanda iliyokatika mara elfu mbili mia moja na sitini. Amepewa barua ya pongezi mara tatu, na ya tatu ilikuwa na jina la mtu mwingine. Mwaka ule paa lilipovuja, alihamisha makopo mia na arobaini ya filamu kwa toroli mpaka nyumbani kwake, akayapanga chumbani, na yeye akalala kwenye kochi wiki tatu. Binti yake wa pekee alilalamika kwamba chini ya kitanda chake mna nchi hamsini na hakuna hata moja aliyoalikwa. Na miaka kumi na tisa iliyopita alianzisha Kikundi cha Jumamosi, ambacho hukutana saa nane mchana kutazama filamu za zamani na za ng'ambo, zile ambazo watu wa kawaida huzima baada ya dakika tano.

Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao wa kawaida. Nilikuja kwa sababu babu hakuruhusiwa tena kuvuka barabara peke yake. Filamu zile husemwa kwa lugha za mbali, na maandishi ya chini huwa katika ile lugha nyingine ya shuleni, ambayo babu haisomi. Kwa hiyo nikawa namnong'oneza sikioni maana yake. Mzee wa mbele akageuka. Nilidhani anataka ninyamaze, nikajikunja kwenye kiti kama karatasi. Babu ndiye aliyenipa habari kamili.

"Ongeza sauti, mjukuu wangu," alisema. "Huyu wa mbele naye hasikii."

Jumamosi iliyofuata nilikuta kiti kimewekwa katikati ya ukumbi, na juu yake kurunzi ndogo. Hakuna aliyenieleza kitu. Nilikaa, na tangu siku hiyo nasoma maandishi ya chini na kuyasema kwa Kiswahili kwa sauti, mimi ambaye nikiagiza mkate dukani humwonyesha muuzaji kwa kidole. Gizani ni rahisi zaidi. Hakuna anayekutazama, wote wanatazama mbele.

Katika kikundi kile kuna kanuni moja. Filamu ikiisha, hakuna ruhusa ya kusema umeipenda au hujaipenda mpaka kila mtu ataje kitu kimoja alichokiona kwa macho yake. Bi Taa hushuka, huegemea ukuta, na huuliza kila mmoja, "Umeona nini?" Hataki somo la filamu, wala hataki kuambiwa mwandishi alikusudia nini. Kitu tu. Kikombe, kidole, kivuli. Fundi Cherehani, ambaye hushona sare za shule karibu na maktaba, kila mara hutaja nguo, na watu humcheka. Lakini kuna siku alisema koti la yule ndugu mdogo limekatwa kwa ajili ya bega la mtu mwingine, na ghafla tukaelewa sote kwamba lilikuwa la kaka yake aliyekufa, jambo ambalo filamu nzima haikulisema hata mara moja. Nesi Mstaafu, yeye, huona magonjwa. Fundi Cherehani humwambia kwamba kila filamu anamtafuta mgonjwa, na akimkosa atamlaza hata farasi. Nesi humjibu kwamba farasi yule alikuwa na homa kweli, na waliokuwa na macho waliona.

Hapa panafaa kisa cha kuchekesha. Mjusi aliingia kwenye kidirisha cha chumba cha mashine, akapita mbele ya mwanga taratibu, na kivuli chake, kikubwa kama ng'ombe, kikapita juu ya uso wa bibi harusi. Ilipofika zamu ya Nesi, alieleza kwa dakika kumi jinsi kiumbe yule alivyoashiria usaliti wa bwana harusi, na jinsi mkia ulivyobaki shavuni kwa bibi harusi kama chozi. Watu walitikisa vichwa. Babu alisema yeye alishaanza kumshuku bwana harusi tangu kanisani. Bi Taa alimwacha Nesi amalize mpaka neno la mwisho. Halafu akapanda juu, akarudi na chupa, na ndani ya chupa mjusi.

Tulicheka mpaka mlinzi akaja. Lakini mimi nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa, kwa sababu, mjusi au si mjusi, bwana harusi yule alikuwa msaliti kweli. Nesi alikuwa ameona sawasawa kupitia kitu ambacho hakikuwemo. Nilimuuliza Bi Taa wiki iliyofuata inakuwaje hapo. Alisema na yeye bado anafikiria.

Ndivyo alivyo. Ukimletea swali, atakurudishia na vumbi lake. Filamu yangu ya pili pale ilikuwa na mwanamume anayemenya yai dakika nne nzima, halafu analirudisha kwenye sahani bila kulila. Nilipanda ngazi kuuliza maana yake nini. Akaniuliza nimeona nini. Nikasema yai. Akaniuliza kuhusu mikono. Sikuwa nimeona mikono. Basi akarudisha roli ya mkanda nyuma, akanionyesha tena mimi peke yangu, na safari hiyo niliona kwamba kidole kilichokuwa na pete mwanzoni kimebaki na alama nyeupe tu. Nikasema: kwa hiyo amemwacha mkewe? Akasema hajui. Nikasema: au ameiuza? Akasema inawezekana. Nilitoka pale nikiwa na maswali matatu badala ya moja, na kwa namna fulani nilikuwa nimefurahi, nikashindwa kuelewa nimefurahia nini.

Kuna jambo jingine lake ambalo lazima lisemwe, kwa sababu mkasa wote umetokana nalo. Ana kipande cha boksi la viatu. Kila filamu inapoanza hukisimamisha kwenye kidirisha, mbele ya mwanga, kiasi cha kufunika sehemu ya chini ya picha palipo na maandishi. Dakika kumi za kwanza tunatazama bila kusoma. Wengine hupenda. Kwangu yalikuwa mateso. Mimi ni mtoto wa shule. Nikiona herufi nasoma, hata zikiwa za pakiti ya sabuni. Akitoa boksi tu, macho yangu hushuka kwenye herufi na kukaa huko mpaka mwisho, sentensi baada ya sentensi, nisipitwe. Siku moja ananifundisha kuviringisha mkanda, akaniambia, bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Wewe unasoma filamu. Hujaitazama hata moja."

Niliumia. Siku nzima ile sikula vizuri. Niliona kama amenionea, maana ninasoma kwa ajili ya nani? Nikiacha kusoma, babu na wenzake watashika nini? Lakini nilijua ni kweli. Ungeniuliza sura ya yeyote katika filamu ishirini nilizosoma, nisingeweza kukuambia hata mmoja kama ana ndevu.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ile tunayoiita filamu ya stesheni. Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya nchi ambayo lugha yake hatujawahi kuisikia nje ya ukumbi ule. Baba mjane anaishi na binti yake. Binti amepata kazi mbali, barua ya kumwita imefika, na baba ameificha ndani ya saa ya ukutani. Kila jioni binti anapoingia, baba, bila kugeuka, humwambia: mwanangu, funga mlango. Husemwa mara saba. Kwa hiyo mara saba nilisema, "Mwanangu, funga mlango," na kufikia ya nne Fundi Cherehani akawa anaisema pamoja nami, na Nesi akampiga kiwiko.

Mwishoni baba anaitoa ile barua. Hakuna kelele, hakuna kilio. Tunaonyeshwa stesheni. Binti yuko ndani ya treni na sisi tuko ndani pamoja naye. Baba amesimama nje, nyuma ya kioo cha dirisha. Nikakumbuka maneno ya Bi Taa, nikainua macho. Niliyainua kweli, kwa mara ya kwanza, na nikayasahau huko juu. Baba yule alikuwa amenyoa ndevu vibaya upande mmoja wa kidevu. Hakuna aliyemwambia. Nilifikiria kwamba kuanzia kesho hatakuwepo wa kumwambia. Midomo yake ikacheza. Kipenga cha treni kikalia. Treni ikaanza kuondoka.

Ndipo nikakumbuka kazi yangu. Nikashusha macho: chini hapakuwa na herufi. Nikajua zimeshapita, nimezikosa. Watu kumi na wanne walikuwa wakisubiri. Babu akanigusa kiwiko.

"Kasemaje?"

Ningeweza kusema sikuona. Neno moja tu. Lakini mtu mwenye aibu akikosea mbele ya watu hafikirii, huziba tundu kwa chochote kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ni uso ule, na ile sentensi ya mara saba. Nikasema:

"Nenda, mwanangu. Mlango nitaufunga mimi."

Picha ya mwisho ya filamu ni hii: baba amerudi nyumbani, amekaa, mlango nyuma yake uko wazi. Anakaa muda mrefu. Halafu anainuka na kuufunga. Sikuwa nimeiona picha hiyo kabla, naapa. Ukumbini mtu alipumua kwa sauti, nadhani ni Nesi. Taa zilipowaka, Fundi Cherehani alikuwa anafuta miwani kwa utepe wake wa kupimia nguo.

Bi Taa akashuka. Kwa desturi yeye huuliza tu, hajibu. Siku ile binti yake alikuwa amekaa safu ya nyuma. Maktaba nzima ilijua habari zao: binti alikuwa amepata kazi ya uuguzi katika nchi ya mbali, mwaka mzima sasa, na kila tarehe ya safari ikikaribia Bi Taa hupatwa na jambo, mara mgongo, mara jino, mara bomba la jikoni. Hakuna aliyethubutu kulitaja. Sote tulitaja vitu vyetu, saa ya ukutani, barua, mkoba. Kisha, bila kuulizwa na yeyote, Bi Taa akasema, "Mimi nimeona mtu mzima akifunga mlango wake mwenyewe." Akapanda ngazi kurudisha mkanda kwenye kopo.

Binti aliondoka baada ya wiki tatu. Hupiga simu kila Jumapili. Na wiki iliyopita ndiye aliyemwandikia Katibu kwamba kwenye kibao cha zawadi pachongwe sentensi ya filamu ya stesheni, ile ambayo mama yake alimwambia uwanja wa ndege walipoagana. Aliandika kwamba bila sentensi hiyo angekuwa bado anatafuta fundi wa bomba.

Sasa fikirieni hali yangu. Mtu ameishi na mtoto wake mmoja maisha yote, halafu amemwachia aende zake upande mwingine wa dunia, kwa maneno ambayo aliamini yamefikiriwa na watu wazima wenye hekima, wa kamera na taa na miaka mingi ya kazi. Kumbe ni ya mtoto wa shule aliyeogopa kuonekana amezubaa. Nilijaribu kumwambia mara tatu. Mara ya kwanza alinipa upande mmoja wa mkanda nishike. Mara ya pili alikuwa ametoka kuongea na binti yake na uso wake ulikuwa mzuri mno, nikamwambia habari za mitihani. Mara ya tatu sikufika hata nusu ya ngazi.

Leo Jumanne Bi Taa ameshinda chini akikabidhi vifaa kwa mtu wa stoo, na mimi nimeachiwa chumba cha mashine niandike. Mawazo yangu yalikuwa haya: nitafute sentensi ya kweli, ile niliyoikosa, nimpe Katibu, kibao kichongwe kwa haki, na pengine uzuri wake utakuwa zaidi. Nikatoa roli ya tano kwenye kopo. Nikaupitisha mkanda juu ya meza ya mwanga, ile yenye kioo na taa chini yake, kama alivyonifundisha, kwa ncha za vidole, lenzi ya kukuzia jichoni. Niliwaona wakipanda treni. Nikaona dirisha. Nikaona kidevu kilichonyolewa vibaya, kidogo kama ukucha, picha baada ya picha baada ya picha, midomo ikifunguka na kufumba.

Hapana herufi. Nilirudia mara tatu. Hapana hata moja. Baba yule hakupewa maneno. Anasema kitu nyuma ya kioo, kipenga kinakimeza, na waliotengeneza filamu wameamua kwamba hatutajua. Sikukosa chochote. Hapakuwa na cha kukosa.

Nilikuwa bado sijameza hilo nilipoona kitu kingine. Ukingoni mwa mkanda, sawa kabisa na ule uso, kulikuwa na nukta ya njano. Bi Taa ana kalamu ya nta ya njano ambayo hutia nukta mahali anapotaka kurudi kupatazama. Anapounganisha mkanda hutia nyekundu. Hapo hapakuwa na kiungo. Mkanda ulikuwa mzima. Alikuja kutazama, akatia nukta, akaviringisha, akarudisha kwenye kopo.

Kwa hiyo anajua. Au anajua kwamba hapakuwa na maandishi lakini anadhani mimi nilisoma midomo. Au alijua siku ile ile, maana humu chumbani kuna kipaza sauti kidogo pembeni ya mashine, na alikuwa anasikia kwamba baba hatoi sauti, ni kipenga tu. Kama alijua siku ile, basi aliposhuka na kusema ameona mtu akifunga mlango, alikuwa anataja alichokiona, si nilichosema, na mimi nimejibebesha mzigo usio wangu. Lakini uwanja wa ndege alisema maneno yangu. Aliyasema kabla ya kutia nukta, au baada? Na kama ni kabla, alipogundua alikaa na nani akalifikiria? Na kwa nini Jumamosi iliyofuata nilikuta kurunzi yangu imewekewa betri mpya?

Sijui. Nimekaa hapa tangu saa tisa na sijui. Nimegeuza kama alivyonifundisha, nimeuliza nimeona nini, na nilichoona ni nukta ya njano, basi. Pengine ni mjusi wa Nesi tena.

Ila jambo moja limenielea, na namwandikia Katibu hapa hapa ili nisipate nafasi ya kuogopa tena. Sentensi ni yangu. Chini yake isiandikwe jina la filamu yoyote, kwa sababu filamu ile ilinyamaza kwa makusudi na si haki kuisingizia. Kama kibao kichongwe au kibaki kitupu, aamue Bi Taa, na binti yake aambiwe, na atakayemwambia si mimi wala Katibu. Kibao kikibaki kitupu, nitajua sababu na sitauliza.

Sasa nifunge kama inavyotakiwa. Kwa niaba ya wafanyakazi wa maktaba, Kikundi cha Jumamosi, Nesi, Fundi Cherehani, na babu, ambaye amesema niandike kwamba ataendelea kuja hata kama mashine itaendeshwa na mbuzi: asante, Bi Taa, kwa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa ulizokaa nyuma yetu ili sisi tutazame mbele. Asante kwa boksi la viatu. Tunakuombea miaka mingi ya kiti cha safu ya kwanza, mkanda usiokatika, na mtu mwingine wa kusema "Taa" wakati wewe umeshakaa. Jioni zako ziwe ndefu na picha zake nzuri.

Nasikia ngazi za chuma. Zipo ishirini na mbili, na Bi Taa hupumzika kwenye ya kumi na tano, funguo zikigonga chuma. Siku zote akifika hapo mimi hufunika ninachoandika kwa mkono, au hukisukuma chini ya mfuniko wa kopo, hata kikiwa hesabu za shule.

Nimechukua kalamu yake ya nta. Nimetia nukta moja ya njano ukingoni mwa ukurasa wa nne, sawa na ile sentensi, asihangaike kuitafuta. Kurasa zote nimezipanga juu ya meza ya mwanga, taa ya chini inawaka, na huu wa mwisho unaingia mahali pake sasa hivi. Ameshaanza kupanda tena. Mlango nimeuacha wazi. Ataufunga yeye.